Kimpira cha Valvu

Mulei alikuwa na mikono miwili kama watu wote, ila wa kushoto alikuwa ameuandika kazi mdomoni. Akisalimia, mkono unapanda. Akicheka, mkono umeshafika kabla ya kicheko. Hata kanisani pale Ruiru, wimbo ulipofika kwenye kiitikio na watu wote wakafungua vinywa mpaka koo zikaonekana, yeye aliimba nyuma ya vidole vyake kama mtu anayempa jirani umbea.

Alichokuwa akikificha, ukiniuliza mimi, hakikuwa na aibu yoyote. Yalikuwa meno yake manne ya mbele, ya juu, yaliyochongwa yakawa na ncha, kama vijana wengi wa Ukambani walivyochongwa siku zake. Mzee mmoja wa upande wa Kangundo alimlaza chini, akamkalia kifuani, akatoa patasi ndogo na kijiti cha kugongea, na kazi ikaisha asubuhi moja. Majuma mawili baadaye Mulei alikwenda kwenye ngoma akacheka mpaka taya zikamuuma. Kamene, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwepo, na hajawahi kukana kwamba aliyapenda yale meno kabla hajajua jina la mwenyewe.

Lakini hiyo ilikuwa kabla ya Thika.

Thika alipata kazi kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja wa Goa, mwembamba, aliyevaa miwani mizito na kupenda kufanya kazi akiimba chinichini. Mulei alichemsha koleo, akakoroga plasta, akamimina mifano ya vinywa vya watu, akasugua pleti za meno mpaka zikang'aa. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo, na baada ya mwaka mmoja Daktari hakuwa tena akikagua alichofanya. Juma lake la kwanza tu, mtoto wa mlowezi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti alimwona Mulei akitabasamu, akapiga yowe, akalowesha kiti. Mama yake akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Alipoondoka, Daktari alimletea Mulei kitambaa cheupe chenye kamba mbili.

"Wewe kazi yako mzuri sana," alisema. "Lakini meno yako naogopesha watoto. Funga hii."

Mulei alikifunga. Hakukasirika, na laiti angekasirika, maana hasira hupoa. Aliona aibu, na aibu ile ikahamia kwake na vyombo vyake vyote. Saa za kazi alikuwa na kitambaa, na baada ya kazi ukawa ule mkono.

Siku za juma alilala kwenye chumba nyuma ya nyumba ya Daktari. Jumamosi mchana alipanda baiskeli yake akashuka mpaka Ruiru, ambako Kamene alikuwa akifanya kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia katika shamba moja, na ambako walikuwa na chumba kimoja, mpera mmoja nje ya mlango, na mtoto mmoja. Mtoto huyo ni Wayua.

Wayua alikuwa na miaka saba na nusu jino lake jipya la mbele, la juu, liliposhuka mahali pasipo pake. Badala ya kukaa mbele ya meno ya chini, lilikwenda nyuma yake, kwa hiyo akiuma, jino la chini lilipita mbele likasukumwa nje. Mulei alimpeleka Thika. Daktari alimtazama, akamwambia aume, afungue, aume tena, akaacha kuimba.

"Hii leo, si kesho," alisema. "Mtoto bado nakua. Jino nakaa nyuma namna hii, taya ya juu nashindwa kutoka, na ile ya chini nalegea. Sasa sikia, Mulei. Kazi iko mara mbili. Mara ya kwanza sasa, pleti, miezi kidogo. Halafu tunangoja. Mtoto nafika miaka kumi na mbili, meno yote nashuka, tunaangalia tena kama kazi iko. Katikati, kungoja tu."

Akasema atamtengenezea bure, kama mtoto wa nyumbani kwake, na Mulei akashukuru mpaka Daktari akaona haya.

Pleti yenyewe Mulei aliisugua kwa mikono yake. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya ufizi, yenye kiwaya kilichojikunja nyuma ya lile jino kulisukuma mbele polepole. Siku mbili Wayua aliongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, siku ya tatu akazoea. Baada ya miezi minne jino liliruka. Jumamosi moja lilikuwa nyuma, Jumamosi ya pili lilikuwa mbele, limekaa mahali pake kama lililozaliwa hapo.

Hapo ndipo Mulei alipoanza kujisifu, na alijisifu kupita kiasi. Alimshika Wayua mkono akampeleka kwenye veranda ya Zacharia fundi cherehani, pale madukani. Zacharia alikuwa Mkikuyu, na mwaka ule wa hamsini na sita, wakati wa Hali ya Hatari, Mkikuyu hakuweza kutoka Ruiru bila pasi, kwa hiyo kila habari ilibidi imfuate mwenyewe kwenye cherehani yake. Mulei alimfungulisha Wayua mdomo mbele yake. Akamfungulisha mbele ya kila mteja aliyekuja kushonewa suruali. Mtoto akawa anafungua kabla hajaambiwa.

"Mnaona? Kazi ya mikono hii," Mulei alisema, akiunyoosha mkono mmoja. Wa pili, unajua ulikuwa wapi.

Pleti ikatolewa, wakaanza kungoja kule Daktari alikokusema. Na kungoja ndiko kulikomshinda Mulei.

Meno ya mtoto wa miaka minane hayajui adabu. Yale mawili ya mbele ya Wayua yalianza kutengana na kuegemea pembeni, yale ya kando yakaja yamepinda, na katikati pakafunguka mwanya ambao ungepitisha bua la mtama. Kamene aliuona akapiga makofi.

"Mwanya! Mama yangu alikuwa nao hivi hivi," alisema. "Huyu ataimbiwa wimbo, baba Wayua. Usimguse tena."

Lakini Zacharia, ambaye kwa mzaha hakumsaza mtu, aliinama juu ya cherehani Jumamosi moja, akamtazama Wayua mdomoni, akasema, "Haiya, Mulei! Ile kazi imefumuka?"

Watu wakacheka. Wayua naye akacheka, mwanya na vyote. Mulei alicheka nyuma ya mkono wake, ila usoni aliwaka moto.

Jumatatu alimuuliza Daktari. Daktari hata hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Hapana gusa. Hii kawaida ya mtoto. Chonge bado iko juu, nashuka, nasukuma meno pamoja, mwanya nafunga yenyewe. Kama hapana funga, tunafanya mara ya pili. Kungoja pia ni dawa, Mulei."

Kungoja ni dawa! Mulei alikwenda kukoroga plasta yake akiyatafuna maneno hayo. Mzee wa Kangundo alimaliza kazi asubuhi moja, hakumwambia mtu angoje miaka minne. Na tena, binti wa bwana mmoja wa mashamba ya kahawa alikuwa akija kila mwezi, akikazwa waya, akitengenezewa pleti mpya. Yeye hakuambiwa angoje. Mulei akajiambia kwamba wa kungojeshwa ni yule wa bure.

Hapa lazima niseme ukweli. Yule binti wa Kizungu alikuwa na miaka kumi na mitatu na meno yake yote yalikuwa yameshuka. Mulei alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu mifano ya kinywa chake aliimimina yeye. Lakini mtu mwenye aibu hahesabu meno ya mtu mwingine, anahesabu yake.

Ikawa mwaka uliofuata Daktari akatangaza, kwa furaha, kwamba rafiki yake daktari kutoka Nairobi angekuja mwezi wa nane kuona mifano ya Wayua na kumwona mtoto mwenyewe, maana alitaka kumwonyesha jinsi taya ilivyokua baada ya lile jino kurekebishwa mapema. Mulei alimwona akilini yule mgeni akiinama juu ya mtoto wake, akiuona ule mwanya, kisha akimgeukia Mulei na kitambaa chake. Baba meno ya ncha, mtoto meno ya kutengana. Alikuwa na miezi miwili.

Jumamosi ya juma hilo, mwezi wa sita, Kamene alikuwa bado kwenye meza za kahawa. Mulei alifungua kopo lake la kutengenezea baiskeli. Ndani, pamoja na gundi na viraka, mlikuwa na kipande cha mpira wa valvu, kale kampira kembamba kenye tundu katikati kanakovalishwa valvu ili upepo usirudi. Alichukua wembe akakata kipete chembamba, chembamba kama uzi, na kazi ilikuwa safi kwa sababu mikono ile haikujua kufanya kazi chafu. Akamketisha Wayua kizingitini.

"Fungua."

Wayua alifungua, kama alivyozoea. Mulei alikivuta kipete kikazunguka meno mawili ya mbele, yote mawili pamoja, akakiacha kikabana.

"Kinauma, nau," alisema Wayua. Hivyo ndivyo alivyomwita baba yake, kwa Kikamba.

"Kidogo tu. Na mama usimwambie, tutamshangaza."

Jumamosi iliyofuata mwanya ulikuwa umebaki nusu. Ile ya pili haukuwepo kabisa! Meno yalikuwa yamekumbatiana bega kwa bega, na Mulei alijaribu kupitisha ukucha katikati ukakataa. Alimnyanyua Wayua juu, akamzungusha, akamweka chini.

"Na kimpira kiko wapi?"

Wayua aliyapapasa meno yake kwa ulimi. "Sijui, nau. Labda nilikimeza na isyo," akasema, maana juma zima walikuwa wamekula isyo, mahindi na maharagwe, na isyo hushuka na kila kitu.

"Basi kimemaliza kazi yake," alisema Mulei.

Kamene aliporudi alimtazama mtoto kwa muda. "Ulisema mwanya utaziba baada ya miaka," alimwambia mumewe. "Mbona umeziba upesi?" Mulei akamjibu kwamba watoto hawalingani. Jioni ile Kamene alimwambia Wayua atabasamu mara mbili tatu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni.

Juma la tano ufizi juu ya yale meno ulikuwa mwekundu na umevimba. Juma la sita meno yalikuwa yameshuka. Yalionekana marefu kuliko wenzake, na Mulei alipoyagusa kwa ncha ya kidole yakacheza.

Alijua. Hapa sitamtetea. Mtu aliyeshika meno yaliyong'olewa kila siku kwa miaka sita anajua kwamba jino ni kama karoti, pana huku na jembamba kule, na ukivalisha karoti mpira wa kubana, mpira utateleza kwenda kwenye wembamba. Kile kipete hakikumezwa na isyo. Kilikuwa kimepanda chini ya ufizi, kinaendelea kupanda, kinayasukuma meno nje. Alilijua hilo akiwa amechuchumaa mbele ya mtoto wake na kidole mdomoni mwake, na papo hapo akajiambia hajui.

Kamene alikuwa akipepeta maharagwe karibu na mlango. Alimwona Wayua akiguna, akamwita, akamfungua mdomo mwenyewe.

"Meno yanacheza! Wayua, ulianguka?"

Wayua alimtazama baba yake. Mulei alikuwa ameshahamia kwenye baiskeli, ameinamia mnyororo, mkononi ana kikopo cha mafuta. Angeweza kusema wakati ule, mbele ya mke wake na mtoto wake na hakuna mtu mwingine.

"Alianguka," alisema. "Kwenye ule mpera. Si nilimkataza kuupanda?"

Kamene alikuwa amemkataza pia, mara nyingi. Akavunja kijiti kwenye mpera wenyewe, akamchapa mtoto miguuni kwa sababu ya meno yake, akimchapa huku yeye mwenyewe anakaribia kulia. "Meno ya ukubwani haya! Yakitoka hayarudi! Hujui?" Wayua alilia kwa sauti, akaruka huku na huku, lakini hakusema. Mulei aliendelea kupaka mafuta mnyororo ambao ulikuwa umeshapakwa.

Jumatatu alimbeba Wayua kwenye keria, nyuma ya baiskeli, mpaka Thika. Daktari alimketisha kwenye kiti, akauliza alianguka wapi.

"Kwenye mpera," alijibu Wayua. Alijibu vizuri, wala hakumtazama mtu.

Daktari alitikisa kichwa, akayafunga yale meno mawili kwa jirani zake kwa waya mwembamba ili yakae imara, akapima kinywa, akampa Mulei chombo amimine mfano. Kati ya Mulei na Daktari palikuwa na hatua mbili. Maneno aliyopaswa kusema hayakufika kumi. Mulei alikuwa na kitambaa mdomoni, na nyuma ya kitambaa midomo yake ilifunguka kweli. Kisha ikafungika. Akaenda kumimina plasta.

"Wiki tatu," alisema Daktari. "Nakaza."

Zile wiki tatu Mulei hakuzimaliza kama mtu. Mfano wa Wayua ulikaa kwenye rafu pamoja na mingine, jina lake limeandikwa ubavuni kwa penseli, na kila asubuhi alipopangusa vumbi alipangusa kuuzunguka bila kuugusa. Chakula alikisukuma tu. Mara nyingi alikwenda mpaka mlango wa chumba cha Daktari, akamsikia akiimba, akarudi. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika ilikuwa ngumu kuliko jana, kwa sababu sasa ilimbidi aeleze na jana.

Wiki ya tatu ilipotimia Daktari aliufungua waya, na meno yakalegea zaidi ya mwanzo. Yalikuwa yametokeza zaidi, karibu nusu ya urefu wake, na ufizi ulitoa usaha. Daktari aliinama, akaangalia, akavua miwani akaifuta, akaangalia tena. Alikwenda kuchukua kitabu, akakisoma amesimama.

"Mimi hapana elewa," alisema mwisho. "Mtoto naanguka, unafunga, meno nakaza. Hii nazidi kutoka."

Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu. Mulei hakuwahi kumwona amekaa hivyo, mikono mapajani.

"Labda ni mimi," alisema Daktari polepole. "Labda naanza mapema sana, pleti naharibu mizizi. Leo naandika barua Nairobi, naambia rafiki yangu hapana kuja. Hii kazi ya mapema, kwa watoto wadogo, mimi naacha. Wale watoto wengine wawili pia natoa pleti yao. Hapana haki kuharibu watoto."

Wayua alikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, akiwatazama kwa zamu.

Mulei alizifungua kamba za kitambaa. Fundo lilikataa, akalivuta kamba ikakatika. Kitambaa kilianguka sakafuni. Alisema bila kitambaa wala mkono mdomoni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita ndani ya chumba kile.

"Si pleti, Daktari. Ni mimi. Nilimtilia kimpira cha valvu, cha baiskeli. Nilikata pete nikavalisha meno, nikitaka mwanya uzibe kabla mgeni wako hajaja. Kiko ndani. Hakuanguka popote."

Daktari hakupiga kelele, na Mulei alisimama akizingoja zile kelele kama mtu anayengoja maji ya kunywa. Kisha Daktari akanyanyuka, akajaza sindano ya ganzi, akamwambia Wayua maneno ya upole, akafanya kazi. Hakuimba. Mulei alishika taa. Ufizi ulipofunguliwa, Daktari aliingiza kindoano chembamba juu kabisa, karibu na ncha ya mizizi, akakivuta nje: kipete cheusi, chembamba kama uzi, kazi safi ya mikono ile ile. Hakikuwa kimekatika hata kidogo. Meno hayakuhitaji koleo. Yalikuja na vidole.

Daktari aliviweka vyote vitatu juu ya pamba. Akaenda kunawa mikono.

"Kama ningesema siku ile," Mulei aliuliza. "Wiki tatu zilizopita."

Maji yalikuwa yakitiririka. "Siku ile, labda nayaokoa," alisema Daktari, mgongo umegeuka. "Leo, hapana. Sasa mimi natengeneza pleti ya meno mawili, nabadilisha kila akikua, mpaka mtu mzima." Akafunga bomba. "Mbona hukusema? Mimi nakupiga siku moja?"

"Hapana, Daktari. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Mulei alikuwa na jibu la miaka sita. Aliinama akaokota kitambaa, akakikunja, akakiweka mezani mbele ya Daktari. Daktari alikitazama kile kitambaa chenye kamba iliyokatika. Nadhani naye alielewa jambo mchana ule, lakini hilo ni lake.

Waliondoka Thika jua likiwa bado juu. Wayua alikaa kwenye keria akiwa na pamba mdomoni, amemshika baba yake kiunoni. Mulei aliendesha polepole, katikati ya mikonge, na mfukoni mwa shati alikuwa na kile kipete kwenye kipande cha pamba. Walipofika karibu na njia ya Kalimoni, Wayua alitoa pamba.

"Nau?"

"Naam."

"Tukifika, niseme nilianguka wapi?"

Baiskeli iliyumba, na Mulei akaweka mguu chini wasije wakaanguka wote wawili. Alisimama pale kando ya barabara ameshika usukani, mabega yakimtikisika, na mtoto nyuma yake akingoja jibu kwa sababu alitaka kulijua mapema asije akakosea.

"Hutasema kitu," alisema alipoweza. "Nitasema mimi."

Wayua akafikiri. "Mwaitu atakuchapa?" aliuliza, kwa maana ya mama yake.

Mulei alimwacha akae kwenye keria, akaikokota baiskeli njia yote iliyobaki.

Kamene alikuwa ametoka kwenye kahawa, anatawadha miguu kwenye beseni mlangoni. Alimwona mtoto, akaona mdomo umevimba, akaona lile pengo. Akanyanyuka na maji yakimwagika.

"Yametoka! Wayua, uliupanda tena ule mti?"

"Ndiyo, mwaitu," alisema Wayua upesi, kabla baba yake hajafumbua mdomo, na akarudi hatua moja nyuma, akiiweka sawa miguu yake.

"Hakuupanda," alisema Mulei. "Hajawahi kuupanda."

Akatoa ile pamba mfukoni akaiweka kwenye kiganja cha mkewe, akaifungua. Akaeleza yote, tangu kopo la baiskeli, tangu kizingiti kile kile walipokuwa wamesimama, mpaka hatua mbili za kule Thika na wiki tatu. Kamene alisikiliza akikitazama kile kipete. Alikigeuza kwa kidole. Kisha akatazama mpera, pale kijiti kilipovunjwa, na pale palikuwa bado peupe.

"Mimi nilimchapa," alisema.

"Ulimchapa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Kamene alikuwa anajua alikokuwa mumewe. Walijua wote watatu. Mkono wa kushoto wa Mulei ulianza kupanda kwenda mdomoni, wenyewe, kama ulivyozoea.

"Hapo kwenye baiskeli," alisema nyuma ya vidole. "Nilikuwa hapo nikiwatazama."

"Toa mkono," alisema Kamene. Hakupaza sauti. "Meno hayo niliyapenda mimi, hujawahi kuniona nikiyakimbia. Toa mkono useme tena, mtoto akuone."

Mulei akautoa mkono, akasema tena.